Benki Bandia Ndani ya Simu

Kabla Wakongomani wengi hawajawa na anwani ya barua pepe, jina la nchi yao lilikuwa tayari chambo. Rais wa zamani Mobutu Sese Seko alifariki mjini Rabat Septemba 1997, na haikuchukua muda watu wa Ulaya na Marekani wakaanza kupokea barua kutoka kwa "mjane" wake, "mwanawe" au "mwanasheria wa familia". Kila mmoja wao alikuwa na mamilioni ya dola yaliyokwama katika benki fulani, na kila mmoja alimhitaji mgeni mwema mwenye akaunti. Walioziandika walikuwa matapeli ambao huenda hawakuwahi kuiona Kinshasa, sembuse Gbadolite, nyumbani kwa Mobutu. Barua zilichekesha, lakini ziliingiza pesa.

Leo anayewindwa ni Mkongomani mwenyewe. Mjini Lubumbashi ni mwalimu wa Katuba anayesubiri mshahara, mama mwenye duka anayeagiza vitambaa Dubai, mkandarasi wa Kampemba anayengoja malipo ya kampuni ya mgodi. Hakuna tena mjane wala hazina iliyofichwa. Kuna benki yake mwenyewe, yenye nembo na rangi anazozijua, na sentensi moja ya Kifaransa kilichonyooka: "Votre compte sera suspendu." Akaunti yako itasimamishwa.

Lubumbashi ina historia yake na benki. Trust Merchant Bank, ambayo kila mtu huiita TMB, ilizaliwa hapa mwaka 2004 kabla ya kuenea nchini, na mwishoni mwa 2022 kundi la KCB la Kenya likanunua asilimia 85 ya hisa zake. Rawbank ilianzishwa mwaka 2002. Equity BCDC ilipatikana mwishoni mwa 2020, pale Equity ya Nairobi ilipoiunganisha kampuni yake ya Kongo na benki kongwe iliyoanza mwaka 1909, enzi za Wabelgiji. Hata hivyo, majengo hayo ya katikati ya mji yalikuwa mbali na maisha ya watu wengi wa Ruashi au komuni ya Kenya hadi serikali ilipoanza, mwaka 2011, kuwalipa walimu na watumishi wake kupitia benki. Mwaka uliofuata M-Pesa ya Vodacom ikaingia nchini, kampuni nyingine za simu nazo hazikubaki nyuma, na benki zenyewe zikaleta huduma za simu kama Pepele Mobile ya TMB na illicocash ya Rawbank. Wateja wengi wa leo, basi, waliijua benki kwanza kwa ujumbe unaosema mshahara umeingia. Dirisha la karani walilijua baadaye, au hawajalijua bado. Kwao ujumbe ndio benki, na hapo ndipo tapeli anapopata nafasi.

Kuna pia hofu. Mtu wa Geneva akiambiwa akaunti yake itafungwa kesho anaweza kucheka. Mkongomani ana sababu ya kushtuka, kwa kuwa ameyaona. Mwaka 2016 benki ya BIAC ilipoyumba, wateja wake waliwekewa mipaka ya kutoa pesa zao wenyewe, wakapanga foleni siku baada ya siku mpaka Benki Kuu ikaingilia kati. Aliyepita kwenye foleni ile, au aliyemsikia shangazi yake akiisimulia, hawezi kuuona ujumbe wa "akaunti kusimamishwa" kuwa mzaha. Tapeli hahitaji kubuni hofu mpya. Anaikuta ipo.

Tuchukue barua moja ya mfano, iliyotungwa hapa kutokana na alama zinazojirudia katika utapeli wa aina hii. Mtumaji anajiita "Service Clientèle". Kichwa cha habari kinasema ni kikumbusho cha mwisho: faili la mteja lazima lisahihishwe. Ndani kuna salamu ya heshima, maelezo kwamba Benki Kuu imetoa masharti mapya, muda wa saa 24, na kitufe kikubwa cha rangi ya benki chenye maneno "Vérifier mon compte", thibitisha akaunti yangu. Chini kabisa kuna anwani halisi ya makao makuu ya benki, na, kwa ujasiri wa ajabu, onyo kwamba mteja asimpe mtu yeyote namba yake ya siri. Ni barua nadhifu. Mtu akibonyeza kitufe anafika kwenye ukurasa unaofanana na wa benki hadi kwenye picha ya familia inayotabasamu, na ukurasa huo unamuuliza jina la kuingilia, neno la siri, namba ya kadi na zile tarakimu tatu za nyuma.

Kosa la barua hiyo halimo katika sura yake. Limo katika ombi. Benki ndiyo iliyotoa kadi, ndiyo inayotunza namba zake, ndiyo iliyomfungulia mteja akaunti. Inapoonekana inamuuliza mteja vitu ambavyo inavyo tayari, anayeuliza si benki. Swali la kwanza la mtu aliyepokea barua liwe ni nini kinachoombwa, kabla ya swali la kama barua inapendeza. Bahati mbaya mpangilio mzima wa barua unalenga kumnyima mtu muda wa kuuliza. Ripoti ya mwaka 2024 ya kampuni ya Verizon kuhusu uvunjaji wa usalama wa data ilionyesha kwamba, kwa wastani wa kati, mtu anayenaswa hubonyeza kiungo sekunde 21 baada ya kufungua barua, kisha huandika siri zake ndani ya sekunde nyingine 28. Hata dakika moja haitimii. Zile "saa 24" hazipo ili mteja azitumie. Zipo ili zimkimbize.

Ushauri uliozoeleka kwa miaka mingi ulikuwa kutafuta makosa ya lugha, na umewahi kuokoa pesa nyingi kweli. Februari 2016 wezi walioingia katika mfumo wa Benki Kuu ya Bangladesh walituma maagizo 35 ya kuhamisha karibu dola milioni 951 kutoka kwenye akaunti yake iliyoko New York. Moja ya maagizo yaliyopenya lilipeleka dola milioni 20 kwa taasisi fulani ya Sri Lanka, lakini mwandishi alikosea herufi, neno "foundation" likawa "fandation", wafanyakazi wa benki iliyokuwa ikipitisha pesa hizo wakashtuka na pesa zikazuiwa. Dola milioni 81 zilizopitia Ufilipino hazikuwa na bahati hiyo. Uvamizi wote ulikuwa umeanza mwaka mmoja kabla, kwa barua pepe ya mtu aliyejifanya anatafuta kazi na kuwaomba wafanyakazi wa benki wafungue wasifu wake.

Kwa msomaji wa Lubumbashi ushauri huo wa makosa ya lugha ulikuwa na kasoro tangu mwanzo. Barua za benki huja kwa Kifaransa, lugha ya shule na ofisi, ilhali nyumbani na sokoni watu huzungumza Kiswahili. Anayesoma kwa lugha yake ya tatu hawezi kutegemea sikio limwambie kwamba sentensi haijakaa sawa. Mara nyingine hata barua halisi ya benki humchanganya zaidi kuliko ya tapeli. Tena matapeli wanaotumia Kifaransa fasaha wapo siku nyingi. Novemba 2022 kampuni ya Group-IB, ikishirikiana na wataalamu wa usalama wa Orange, ilieleza habari za kundi lililopewa jina la OPERA1ER. Kati ya 2018 na 2022 kundi hilo lilifanya mashambulizi zaidi ya 30 dhidi ya benki na kampuni za simu katika nchi 15, Uganda ikiwamo, na kuiba angalau dola milioni 11. Silaha yao ya kwanza ilikuwa barua pepe za Kifaransa zilizojifanya zimetoka idara ya kodi, au kwa wakala anayeajiri kwa niaba ya benki kuu ya nchi za Afrika Magharibi. Waliozifungua walikuwa wafanyakazi wa benki, watu waliofundishwa kazi. Katika tukio mojawapo, zaidi ya akaunti 400 za watu waliokodishwa zilitumika kutoa pesa hizo. Mshukiwa mkuu mmoja alikamatwa Côte d'Ivoire mwaka 2023.

Sasa zimekuja programu za akili bandia zinazoandika Kifaransa bila kosa, na Kiswahili cha kueleweka vilevile, kwa mtu yeyote mwenye simu. Kigezo cha lugha kimekufa. Anayeendelea kukifundisha anawapa watu imani ya uongo, maana mtu atasoma barua safi na kujiambia kwamba basi ni salama.

Jina la mtumaji nalo halisaidii sana. Kanuni zinazosafirisha barua pepe duniani ziliandikwa mwaka 1982, wakati mtandao ulikuwa wa watafiti waliojuana, na hazikuwa na njia ya kuhakiki nani ameandika. Ni kama bahasha ya posta: nyuma yake mtu anaweza kuandika jina lolote atakalo. Baadaye vikaongezwa vihakikishi vinavyoziwezesha seva kukagua kama barua imetoka kweli kwa mwenye anwani, na tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanavidai kwa kila anayetuma barua kwa wingi. Hilo limepunguza uigaji wa anwani yenyewe, lakini tapeli hahitaji kuiga anwani. Huandika jina la benki mahali pa jina, na nyuma yake akaweka anwani isiyohusiana kabisa, akijua kwamba programu nyingi za simu huonyesha jina tu mpaka mtu alibonyeze.

Kwa ujumbe mfupi hali ni mbaya zaidi. Jina linaloonekana juu ya ujumbe linaweza kughushiwa, na simu huupanga ujumbe wa bandia chini ya ule halisi kwa sababu jina ni moja. Mteja anafungua, anaona mazungumzo ya miaka miwili na benki yake, mshahara wa Januari, mshahara wa Februari, na mwishoni kabisa kiungo. Ana haki ya kuamini. Ndiyo maana mtu aliyenaswa kwa njia hii hastahili kuchekwa, ingawa mitaani huchekwa.

Kinachobaki ni anwani ya tovuti. Hiyo, tofauti na nembo na lugha, ina mmiliki aliyesajiliwa, na tapeli hawezi kuiba jina la mwenye benki kwa kuandika tu. Anachoweza ni kumfanya mteja aisome vibaya, na watu wengi huisoma vibaya kwa kuwa huisoma kuanzia kushoto kama sentensi. Anwani ya tovuti husomwa kuanzia kulia. Tuseme kiungo ni hiki, cha kubuni:

https://www.benkiyako.cd.kagua-akaunti.com/kuingia

Macho hukimbilia "benkiyako.cd" na kuridhika. Lakini sehemu inayohusika ni ile iliyo kati ya mikwaju miwili ya mwanzo na mkwaju mmoja unaofuata. Ukifika kwenye mkwaju huo, rudi nyuma: "com", kisha "kagua-akaunti". Huyo ndiye mwenye nyumba. Yote yaliyotangulia, ikiwa ni pamoja na jina la benki na ile "cd" ya Kongo, ameyaandika mwenyewe apendavyo, bila kumwomba mtu ruhusa. Vilevile chochote kinachofuata baada ya mkwaju, hata kama ni jina kamili la benki, ni mapambo.

Mbinu nyingine ni ndogo ndogo lakini zinafanya kazi. Kistari kinawekwa mahali pa nukta, "benkiyako-cd.com", na anwani inakuwa ya mtu mwingine kabisa. Herufi "r" na "n" zikikaribiana zinaonekana "m". Tarakimu 1 inajifanya herufi. Mwisho wa "com" unapungua herufi moja na kuwa "co" au "cm", ambazo ni za Colombia na Kamerun. Kwa Mkongomani ipo hatari ya jirani: "cd" ni ya Kinshasa na "cg" ni ya Brazzaville, na kidole kinaweza kuzikosea kirahisi. Kuna pia herufi za alfabeti ya Kirusi ambazo kwa jicho hazina tofauti na zetu; mwaka 2017 mtafiti Xudong Zheng alisajili anwani iliyosomeka "apple.com" bila hata herufi moja ya Kilatini kabla ya nukta, na baadhi ya vivinjari vikubwa vikaionyesha hivyo hivyo hadi virekebishwe. Hapo hata msomaji makini hana la kufanya kwa macho peke yake.

Alama ya kufuli ilikuwa tegemeo la wengi, na walimu wengi wa kompyuta bado wanaifundisha. Kufuli humaanisha kwamba mazungumzo kati ya simu na tovuti yamefungwa wasiyaone wengine. Halisemi lolote juu ya tabia ya mwenye tovuti. Tangu vyeti vya bure vilipoanza kupatikana karibu mwaka 2015, tapeli huweka kufuli lake kwa dakika chache, na kufikia mwanzoni mwa 2020 zaidi ya theluthi mbili ya tovuti za utapeli wa aina hii zilikuwa na kufuli. Google wenyewe waliiondoa alama hiyo kwenye kivinjari chao cha Chrome Septemba 2023, kwa sababu ilikuwa ikieleweka vibaya.

Na hata anwani iliyo sahihi herufi kwa herufi imewahi kuwa hatarini, hapa hapa Kongo. Mwishoni mwa Desemba 2020, Fredrik Almroth, mtafiti wa Uswidi na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Detectify, aligundua kwamba anwani "scpt-network.com" ilikuwa imeachwa ikaisha muda wake. Halikuwa jambo dogo. Anwani hiyo ilitumiwa na baadhi ya seva zinazoulizwa kila mtu anapotafuta tovuti inayoishia na "cd", chini ya usimamizi wa shirika la posta na simu la nchi, SCPT. Almroth aliinunua kabla mwingine hajaiona, akatoa taarifa, na Januari 2021 mambo yakarekebishwa. Kwa hesabu yake, karibu nusu ya maswali yote ya kutafuta tovuti za "cd" yangeweza kufika mikononi mwa mnunuzi. Angekuwa mwizi, angeweza kumpeleka mteja wa benki ya Kongo kwenye ukurasa bandia huku anwani iliyo juu ya kioo ikiwa ile ile ya siku zote, na angeweza kupata cheti cha kufuli pia. Kwa hiyo kumlaumu mteja peke yake kwa kila wizi si haki. Sehemu ya usalama wake iko kwa watu ambao hatawaona kamwe, na ada moja isiyolipwa ofisini mwao inaweza kumgharimu.

Barua na kiungo mara nyingi ni nusu ya kwanza ya kazi. Mteja akishaandika neno la siri, benki hutuma kwenye simu yake namba ya kutumika mara moja tu, na hiyo ndiyo inayomzuia mwizi. Kwa hiyo mwizi anapiga simu. Lubumbashi hatumii Kifaransa hapo, hutumia Kiswahili cha nyumbani, na kwa adabu kamili: "Jambo yenu, mama. Tuko tunaita toka banki. Kuko code imeingia ku telefone yenu, mutusomee ile." Sauti ni ya kijana mpole, nyuma yake kuna kelele za ofisi, na mama anaitwa kwa wingi wa heshima kama inavyopasa. Namba ile ikishasomwa, akaunti imekwenda. Siku hizi wengine hawasumbuki hata kupiga; ukurasa wao bandia unaiomba namba hiyo moja kwa moja na kuipeleka kwenye tovuti halisi kabla haijaisha muda.

Jirani zetu wamekwisha kuyaona haya. Katika operesheni ya polisi wa kimataifa, INTERPOL, iliyofanyika kati ya Novemba 2024 na Februari 2025, Zambia iliwakamata watu 14 walioshukiwa kutuma ujumbe wenye kiungo kinachopandikiza programu ya siri ndani ya simu. Programu hiyo iliwapa wezi uwezo wa kuingia katika huduma za benki za mwenye simu, kisha ikatumia programu yake ya mazungumzo kusambaza kiungo kwa marafiki na ndugu. Yaani ujumbe unaofuata unatoka kwa shemeji yako halisi, na picha yake ipo. Katika operesheni hiyo hiyo Rwanda iliwakamata 45 waliojifanya wafanyakazi wa kampuni za simu au ndugu walioumia. Walikuwa wameiba zaidi ya dola 305,000 katika mwaka 2024. Kutoka Lubumbashi hadi mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa ni safari ya asubuhi moja, na kiungo hakihitaji hata safari.

Kwa wafanyabiashara wa mji huu, hata hivyo, hatari kubwa kuliko zote haina kiungo kabisa. Mtu anaagiza mashine Guangzhou au vipuri Dubai, wameandikiana barua pepe wiki tatu, bei imekubaliwa. Siku ya kulipa inafika barua: mwenzetu, benki yetu ina ukaguzi, tafadhali tuma kwenye akaunti hii nyingine. Barua imetoka kwenye anwani yenye tofauti ya herufi moja, au kwenye anwani halisi ya muuzaji aliyekwisha kuibiwa neno la siri. Benki ya Lubumbashi inatekeleza agizo kwa uaminifu kwa sababu mteja ndiye aliyeagiza. Kwa walioripoti kwa FBI pekee, utapeli huu wa barua za kibiashara ulileta hasara ya dola bilioni 2.9 mwaka 2023. Ramon Abbas, Mnigeria aliyejulikana mitandaoni kama Hushpuppi kwa magari na mikoba yake ya kifahari, alikamatwa Dubai mwaka 2020 na miaka miwili baadaye akahukumiwa Marekani kifungo cha miaka 11 na zaidi. Katika kesi yake, watu waliomtapeli mfanyabiashara wa Qatar aliyetaka kujenga shule walijifanya maofisa wa benki na kutengeneza tovuti bandia. Dawa ya haya ni ya kizamani: namba ya akaunti ikibadilika, mpigie muuzaji kwa namba ya simu uliyokuwa nayo tangu mwanzo, isiwe ile iliyoandikwa ndani ya barua hiyo, na umsikie akizitamka tarakimu.

Kanuni hiyo ya simu inafaa kwa benki pia, na ndiyo inayobaki imara nembo, lugha, kufuli na hata anwani zinapoyumba: usiifikie benki kwa njia uliyoletewa. Fungua programu yake mwenyewe, andika anwani kwa mkono, au nenda tawini. Kama tatizo ni la kweli utalikuta huko. Vifaa vya kusaidia vipo. Programu ya kutunza maneno ya siri haidanganywi na sura ya ukurasa; ikikuta anwani si ile iliyohifadhi, haiandiki kitu, na ukimya wake huo ni onyo tosha. Funguo ndogo za kielektroniki ni imara zaidi. Google ilisema mwaka 2018 kwamba tangu iwape wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 funguo hizo mwanzoni mwa 2017, hakuna akaunti ya kazi iliyoripotiwa kunaswa. Funguo za namna hiyo bado ni nadra kwa mteja wa kawaida wa Kongo, na hilo ni jukumu la benki.

Benki zina la kujibu hata kwa mambo madogo. Zipo ambazo huwaonya wateja wasibonyeze viungo, kisha wiki inayofuata huwatumia tangazo la mkopo lenye kitufe cha kubonyeza. Mteja afuate onyo lipi? Kenya imerahisisha mambo zaidi kwa upande wa simu: Safaricom imewazoesha watu kwamba huwapigia kwa namba moja tu inayojulikana, na ujumbe wa kitapeli hupelekwa kwenye namba fupi 333. Nchini Tanzania, iliyochoshwa na matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", mamlaka ya mawasiliano imetenga namba 15040 kwa kazi hiyo hiyo. Benki za Kongo zingeweza kukubaliana jambo moja dogo: kutoweka kamwe kiungo ndani ya ujumbe, na kulitangaza hilo redioni kwa Kiswahili, Kilingala, Tshiluba na Kikongo. Hapo kila kiungo kingejishtaki chenyewe.

Sheria ipo. Kanuni ya mambo ya kidijitali, iliyotiwa saini na Rais Félix Tshisekedi tarehe 13 Machi 2023, inatambua ushahidi wa kielektroniki na ina adhabu kwa makosa ya mtandaoni. Kongo pia ilikuwa miongoni mwa nchi 19 za Afrika zilizoshiriki operesheni ya Serengeti ya INTERPOL mwaka 2024, ambapo watu 1,006 walikamatwa. Kwa hiyo aliyenaswa asiufute ujumbe kwa aibu. Aipigie benki kwanza ifunge kadi na huduma za simu, abadilishe maneno ya siri kwa kutumia kifaa kingine, apige picha ya ujumbe na anwani ya ukurasa, kisha azipeleke pamoja na malalamiko yake kwa polisi au kwa mwendesha mashtaka. Dakika za mwanzo zina thamani kuliko wiki ya majuto, kwa kuwa pesa zikishapita kwenye akaunti ya pili na ya tatu hazirudi.

Na msomaji ambaye bado hajaguswa, awe mteja wa benki yoyote ile, achukue kadi yake leo akiwa ametulia, asome namba ya simu iliyochapishwa nyuma, au ile iliyo kwenye mkataba aliotia saini tawini, na aihifadhi kwenye simu yake. Kisha afanye hivyo hivyo kwenye simu ya baba na mama yake.